Ubeti wa Mwanamume

Jumapili, Dagoretti Corner. Manyunyu ya Julai
yanapepetwa juu ya mabati ya baa,
na wanaume waliokwenda kanisani asubuhi na tai
sasa wamevaa kofia pana za Toi,
mikanda yenye vichwa vya ng'ombe,
buti zilizotembea kwanza nchi nyingine
miguuni mwa watu wengine.

Mimi huitwa saa mbili na nusu.
Mpiga gitaa hukohoa mara moja, ndiyo ishara.
Wimbo wenyewe mnaujua. Umechezwa saluni, benki,
kwenye foleni ya maziwa, hata ndani ya gari la maiti
Barabara ya Ngong, dereva akigonga usukani kwa vidole.
Ni wa watu wawili. Mwanamke anasema amehama nyumba
lakini ufunguo wa zamani bado uko mkobani.
Mwanamume anajibu kwamba hajabadilisha kufuli.
Basi. Dakika nne na sekunde kumi.
Walioutunga wako mbali, wana farasi.
Mimi na Muthengi tulikuwa na jiko la gesi la mkopo.

Alikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza,
kama mtu anayeburuta meza chumba cha pili.
Tuliimba miaka sita. Tukazawadiwa mbuzi. Tukapewa jina,
Bwana na Bibi Kufuli.
Mwaka wa saba akahamia Rongai
kwa mwanamke mwenye duka la matairi.
Mwanamke mwema, nasikia.
Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.
Nimeliacha zizi wazi.
Muthengi hajavunjika kitu.

Kwa hiyo naimba ubeti wangu, kisha nanyamaza.
Gitaa linakwenda peke yake,
mistari minane ya hewa tupu.
Mwanzoni watu walidhani nimesahau.
Sasa wamezoea: ndio wakati wao wa kuongeza kachumbari,
kulipa, kuchungulia simu, kwenda haja.
Mwenye baa alitaka tutafute mwanamume mwingine,
wapo tele, hata shemeji yake anaimba.
Nikamwambia nafasi hiyo imekodiwa.
Akauliza, na nani analipa?

Mimi.
Kila Jumapili nalipia chumba kisicho na mtu.
Nafagia, natandika, natoka, nafunga.

Leo, katikati ya ile hewa, sauti.
Ombati, mhudumu, sinia la glasi begani,
sauti nyembamba ya kwaya ya Nyamira,
juu mno, noti zimempotea, na maneno kayakosea:
pale pa kusema hajabadilisha kufuli
akasema hajabadilisha kofia.
Kofia zote za baa zikageuka.
Aliona haya, lakini maji alishayavulia nguo;
akayaoga, mistari yote minane,
macho yakiwa kwenye glasi zisianguke.

Nilicheka. Ndani ya maikrofoni, mbele za watu,
kicheko cha puani, kibaya,
na ubeti wa mwisho, ule wa pamoja,
sikuweza kuuingia. Gitaa likaumaliza lenyewe.

Niliposhuka akaniambia, samahani mama,
nilidhani umechoka kungoja.
Nikamwambia si kofia, ni kufuli.
Akasema, huku anafuta meza,
kwetu hatukuwa na kufuli. Tulikuwa na mbwa.

Natembea kwenda nyumbani, matope yananishika viatu.
Mkobani mna funguo tatu: wa geti, wa mlango,
na ule.
Sitautupa mtaroni.
Mambo ya kutupa funguo mtaroni ni ya nyimbo.
Nimeuhamisha tu, kutoka mfuko wa mbele
hadi ule wa nyuma, uliotoboka bitana,
ambamo vitu hupotea vyenyewe.