Safu ya Maoni

Asubuhi nyuzi nne. Jioni nyuzi tano.
Fomu ya jokofu ina safu ya mwisho, nyembamba,
juu yake wameandika: Maoni.
Miaka saba naijaza "hakuna".
Leo kalamu imekataa.

Jokofu hili lilipanda uwanda wa Makonde
mgongoni mwa lori la korosho, limefungwa kamba za magunia,
nembo ya kampuni kifuani
kubwa kuliko kipimajoto.
Walikuja na mkasi, na utepe, na fulana za kijani
ambazo wanaume wa Namkuku
bado wanazivaa wakipuliza salfa.
Niliambiwa nisimame kushoto, nitabasamu,
nishike kichupa cha chanjo juu, juu zaidi, jua likipige.
Nikasema: chanjo haipigwi jua.
Mpiga picha akasema: sekunde moja tu, sista.
Nikashika kichupa kitupu.
Ile picha ikaingia kwenye kalenda yao;
Septemba nzima ni mimi na utupu wangu.

Sisemi kwa kinyongo.
Kabla ya hapo barafu ilitoka Tandahimba
kwa pikipiki ya Chitanda,
na ikikwama mchangani, yalifika maji.
Mama ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni,
nami namwambia: rudi Jumatano.
Somoe Nantanga alirudi Jumatano.
Mgongo wake ulikuwa mtupu.
Surua. Kitabu cha MTUHA kinalo jina,
mimi sina la kuongeza.

Mwaka wa tatu, Novemba, kijiji kizima kikinuka mabibo,
taa ya jokofu ikafumba.
Nikapiga namba iliyo chini ya nembo.
Sauti tamu ikaniomba nibonyeze moja,
nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu,
nikabonyeza mpaka salio likaniaga.
Bwana wa mkasi alishahamishwa.
Vichupa vyote nikamfunga navyo Chitanda,
akaondoka usiku kwenda wilayani.
Miezi mitano jokofu likatunza faili,
na mkate wa mlinzi.

Ndipo akaja mhasibu wao, Tumpe,
bila kamera, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga.
Akaketi kwenye benchi la wajawazito, akauliza:
Likiharibika, nani hulitengeneza?
Tukacheka.
Yeye hakucheka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wale wa kwanza hawakulala hata siku moja.
Huyu alidai jembe mwenyewe.
Hakuleta jokofu la pili.
Alikwenda halmashauri, akakaa kwenye vikao virefu
ambavyo hata chai haikutoka,
na fedha za kampuni zikamsomesha Likwata,
kijana wa Nanyamba, mwajiriwa wa serikali,
afungue mashine hizi na kuzifunga tena.
Zikanunua vipuri, vikawekwa bohari ya wilaya
kwa leja ya wilaya, kwa ufunguo wa wilaya.
Mwaka wa tatu kampuni ikatoa mkono polepole,
na kwenye bajeti ya halmashauri ukaota mstari,
mstari mdogo, wa sitini na tatu:
Matengenezo, majokofu ya chanjo.
Hakuna aliyeukatia utepe.
Hauingii kwenye kalenda.

Mwaka huu wameukata nusu.
Nilinyoosha mkono kikaoni, nikauliza kwa nini.
Wakasema nitajibiwa kwa maandishi.
Nitanyoosha tena.

Nembo imebabuka kwa kufutwa vumbi,
imebaki herufi mbili na jani la mkorosho.
Chini yake, kwa rangi nyekundu isiyonyooka,
Likwata ameandika namba ya mali ya serikali.
Nje, mtoto wa pili wa Somoe amechomwa paja,
anatukana ulimwengu kwa sauti yake yote.

Safu ni nyembamba, nimeandika mpaka pembeni.
Afisa atakayekusanya fomu, kama huna nafasi ya kusoma,
soma hapa tu:
wiki iliyopita taa ilifumba tena.
Nilipiga simu.
Alipokea mtu.