Nati ya Sampu

Mwezi ule nilimkimbia fundi Shaame.
Sikumwambia. Fundi haagwi, hukwepwa:
nilipita Tibirinzi vioo juu,
nimeinama, natafuta kitu chini ya kiti.

Machomane walikuwa wamefungua duka la oili,
sakafu ya vigae, feni, kochi, soda ya bure,
na bango: DAKIKA KUMI NA TANO, ELFU ARUBAINI.
Wenyewe wameliita Haraka.
Skuli tulicheka, jina limejinyima baraka lenyewe.
Kisha nikaenda nyumbani nikahesabu.
Mwalimu wa hesabu mie, mkopo wa gari miezi kumi na tisa bado,
na Shaame ni elfu sitini na tano
na nusu siku, na siku nyengine siku nzima,
kwa kuwa kuna maziko Ziwani,
au spana namba kumi na nne iko kwa Mbwana
na Mbwana yuko Unguja.

Dakika kumi na nne. Nilizipima kwa saa yangu.
Kijana wa fulana nyekundu akaingia chini, akatoka,
akanipa risiti ya mashine,
akabandika stika kwenye kioo: rudi ikifika kilomita kadhaa.
Halafu akaegemea dirisha kama anayefuta vumbi
na akasema, midomo haichezi:
“Mwalimu, filta hatukubadilisha. Tumeifuta tu.
Usirudi hapa.”
Na kwa sauti ya duka: “Karibu tena!”

Aliniita mwalimu. Sikumkumbuka.
Unafundisha sura, zinaota ndevu, zinakupotea.

Wiki ya tatu, uani, doa.
Kuku kanyanyua mguu, kautazama, kaukung'uta.
Nikaweka kopo la maziwa chini ya injini
na usiku kucha nikasikia
tone,
tone,
elfu ishirini na tano nilizookoa
zikirudi kwa mwenyewe moja moja.

Shaame hakuuliza nilikuwa wapi.
Bora angeuliza.
Akatandika gunia, akajisukuma chini ya gari,
nikabaki na miguu yake, malapa mawili ya rangi mbalimbali.
Kimya. Kisha cheko dogo, la mtu aliyekutana na jamaa.

“Uzi wa nati umelika. Wameifunga kwa mashine, hawa.
Lakini mtu kairudia kwa mkono.
Kaizungushia utepe wa mafundi bomba
ili oili isikumwagikie barabarani ukaua injini.
Kauzungusha kushoto. Ndiyo maana inadondoka.”
Akatoa kichwa, shavu jeusi.
“Khelefu huyu. Nilimfunza hapa miaka minne
kwa chai, nauli na ahadi.
Kila siku nampigia kelele: kulia, we mtoto, kulia!
Tazama. Kushoto.”

Khelefu.
Dawati la mwisho, karibu na mlango uliokosa bawaba.
Na mimi nimesimama juu yake na rula,
naupiga mkono ulioshika kalamu
mpaka kalamu ihamie upande wa pili.

Sikumwambia Shaame.
Alidai elfu themanini, nati mpya na filta ndani yake,
akasema njoo kesho, akamaanisha kesho kutwa.
Nilirudi kwa miguu.

Jana Bi Mgeni wa darasa la nne kaniuliza:
“Gari yangu niipeleke wapi, Haraka au kwa Shaame?”
Nilifungua mdomo. Bei ninazo, dakika ninazo,
jibu lingeenea ubaoni.
Nikamwambia: “Kaulize kwanza nani yuko chini.”
Akadhani namfanyia maskhara.

Gari haidondoshi tena.
Stika ya Haraka bado iko kwenye kioo,
tarakimu nne za wino wa buluu,
zote zimelalia kushoto kama nyasi zilizopitiwa,
zile zile nilizokuwa nikizikata kwa kalamu nyekundu
na kuandika pembeni: *rudia*.

Sijaibandua.