Ratili Mbili za Kamba

Mlango uligongwa kwa ukucha, si kwa ngumi.
Osmel, jasho chapachapa, fulana imemvimba tumboni
kama mwenye mimba ya miezi saba.
"Kamba," akanong'ona. "Wa alfajiri ya leo."
Nikahesabu peso mara mbili, yeye akazihesabu mara tatu.

Hapa Manzanillo kamba hawanadiwi.
Huvuliwa mbele ya macho yetu,
hugandishwa, hutiwa katoni,
huenda kuliwa na watu
wasioujua upepo wetu unanuka nini.

Mama aliwamenya kiwandani miaka ishirini na miwili.
Kila jioni getini walimpekua mkoba;
harufu tu ndiyo waliyoshindwa kumnyang'anya.

Sasa damu yake imepungua. Daktari Liuba
kamwandikia karatasi, nimeibandika kwenye friji:
protini, ya kujenga mwili,
iodini, ya tezi ya shingo,
zinki, kidonda cha mguu kifunge,
mafuta, chembe tu.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
kolesteroli ipo, asizidishe.
Mama akacheka hadi akapaliwa.
"Asizidishe! Nani aliwahi kunipa cha kuzidisha?"

Nikakaanga kitunguu, hoho, saumu punje sita.
Nyanya zikarojeka. Bizari nyembamba, ndimu,
divai nyeupe kikombe cha kahawa.
Vichwa nikavichemsha kando, supu ya kesho.
Enchilado: jina lina pilipili, chungu hakina.
Aliyekibatiza alisahau, au alikuwa na utani.

Kamba wakaingia mwisho.
Ukijivu wao ukaona haya, ukawa waridi.
"Epua!" Mama akapaza sauti toka kitandani.
"Ukichelewa tutatafuna raba!"
Hajawahi kupika hata ratili moja,
alijua kwa vidole.

Umeme ulikuwa umekatika. Tulifunga madirisha,
tukala wali mweupe na mchuzi mwekundu kwa mshumaa.
Lakini harufu haijui kutunza siri.
Ikapenya chini ya mlango, ikamleta jirani Nereida
na sahani yake mkononi,
bila hodi, bila swali.

Kamba hukatikia pabovu, ndivyo isemwavyo.
Huyu wetu alikuja kufungia papo hapo pabovu.

Mama akamvutia Nereida sahani,
akaanza kummenyea, ganda baada ya ganda,
hatazami, midomo ikihesabu kimyakimya
kama king'ora cha zamu hakijalia bado.
Kisha mmoja, mnono kuliko wote,
akautia kinywani mwake,
akafumba macho.
Hakuna aliyempekua.