Nane kwa Nane

Nimetoka Ibra baada ya sala ya alfajiri,
taa ya nyuma ikizikonyeza nyumba zilizolala.
Barabara kuu nimeipa mgongo, na malori yake ya kokoto,
nikashika ile ya nyuma, yenye lami iliyochakaa,
inayopanda kwa watu kumi na mbuzi mia mbili.

Mama haelewi wala hataelewa.
"Mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na saba,
umeyaweka makalio juu ya kijiti,
unakwenda kumtafuta nani?"
Kiswahili chake cha Ng'ambo hakijashika kutu;
ni hewa hii kavu, nadhani, chuma hudumu.
Ndiye aliyenifundisha mizani kwa punje za choroko:
nane huku, nane huku,
na hapo katikati, alisema, ndipo pa kuvuta pumzi.

Kumbe alikuwa akinifundisha kupanda mlima.

Goti la kulia, silabi. Goti la kushoto, silabi.
Gia ya mwisho imeshaliwa, hakuna nyingine ya kuomba.
Mwamba pande zote mbili, mweusi kama sufuria ya kuni,
na mkunazi mmoja umeung'ang'ania ufa
kama mpangaji aliyekataa kuhama.
Nasikia mnyororo. Nasikia jasho
likidondokea usukani. Halafu, pole pole, hili:

Barabara ya jabali, haina mtu haina,
Ni mimi na baiskeli, na pumzi twapigana,
Jua halijawa kali, mbuzi wanaulizana,

Mstari wa nne sikuupata.
Penye kona ya tatu mlima uliitupa mizani yangu bondeni,
nikawa napanda sita kwa tano, nne kwa tatu,
guni tupu,
ulimi nje, macho kwenye ule mstari mweupe wa pembeni
uliofutwa na mafuriko ya mwaka juzi,
pale vigingi vyekundu vinapoyapima maji ambayo hayapo.

Pikapu. Ya kwanza asubuhi hiyo, na ya mwisho.
Imejaa majani ya mifugo, na juu ya majani mtoto amelala.
Dereva, Muhanna, mtu wa huko juu, akateremsha kioo:
Gari lako limeharibikia wapi?
Sina gari. Nimekuja na hii.
Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akautazama mlima,
kama mtu anayesuluhisha ugomvi wa watatu.
Akanipa ndimu mbili.
Hakucheka mpaka alipoipita kona;
nilimsikia, maana mabonde haya hayatunzi siri.

Huko juu hapakuwa na kitu, nasema kweli.
Ukuta wa mawe, tangi la maji la buluu, paka.
Nilikaa kwenye kivuli cha tangi
nikaing'ata ndimu pamoja na ganda lake.
Kwa robo saa nzima hakuna aliyeniita mwalimu.

Mpanda ngazi hushuka, wanasema.
Hawasemi anavyoshuka: machozi yakikimbilia masikioni,
vidole viwili juu ya breki, roho juu ya kidole cha tatu,
mkunazi ule ule sasa ni mkwaruzo wa kijani tu,
na nilichokinunua kwa saa mbili
kikatumika chote kwa dakika kumi na nne.

Nyumbani, miguu ilikataa amri.
Nikaegemea ukuta wa lango, bado nimekaa juu ya kijiti,
kiatu kimoja kimenasa kwenye pedeli,
gundi ya chumvi usoni.
Mama alisimama mlangoni, kanga begani,
akanitazama kama anavyotazama mkate uliokataa kuumuka.

"Shuka chini, huna hali.
Chai imepoa, mwana."

Nikahesabu kwa vidole, kimya kimya, chini ya usukani.
Kumi na sita. Na vina vyake.
Sikumwambia.
Nikashuka.