Mizani ya Jikoni

Niliinunua Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
duka linalouza pia nepi na kufuli.
Ina betri mbili na kioo chembamba cha namba.
Muuzaji akauliza: unaanza biashara ya keki?
Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Mume wangu, Mwalimu Mbaruku, naye ni mtu wa mizani,
ila yake haikutaka betri.
Aliihesabu kwa vidole juu ya paja,
nane huku, nane huku,
na mwanafunzi aliyeleta saba alirudishwa
kama mtoto aliyeletewa unga pungufu dukani.

Uvimbe ulianza na majina.
Kijiko akakiita "kile." Mimi, "wewe wa hapa."
Picha ya kichwa ikaonyesha, upande wa kushoto,
kitu ukubwa wa ndimu.
Wakakata walichoweza kukata.
Kisha mionzi, Dar, wiki sita tukilala kwa shemeji Temeke,
kisha vidonge.

Eliwaza wa lishe, pale Bombo,
aliongea kalamu ikigonga meza:
"Hii si badala ya vidonge.
Akikwambia mtu ni badala, mkimbie.
Ni kitu cha kando, na utafiti wake bado mchanga.
Huenda ikamsaidia. Huenda ikamchosha tu.
Akikonda, tunaacha."
Nililipenda lile "huenda."
Tangu Ramadhani, ndilo neno la kwanza
ambalo halikunidanganya.

Basi wali ukatoka. Ugali, muhogo, tende, mkate wa ufuta.
Likabaki tui la kwanza, zito, lisiloonja maji,
mayai, nguru, mchicha,
parachichi za Lushoto zinazoshuka na gari la mboga.
Gramu arobaini. Gramu kumi na mbili.
Mimi niliyepika umri wangu wote kwa jicho na kiganja
nikawa naondoa korosho moja sahanini,
naitazama namba, naondoa nyingine.

Somoe wa jirani akaja na chupa ya kijani:
achana na hospitali, hii imemponya mtu Pangani.
Nikamuuliza jina la huyo mtu.
Chupa ikarudi ilikotoka.

Mama yake, Bi Mwanamkuu, hakubishana na yeyote.
Alisubiri niende kufua.
Alhamisi nikakuta chembe za kitumbua kwenye ndevu za Mbaruku
na mafuta yakimeta vidoleni mwa mama.
Nikafoka.
"Huyu nilimlisha kabla wewe hujazaliwa," akasema.
"Leo nimnyime kwa namba?"
Sikuwa na jibu. Tukalia, kila mmoja na ukuta wake.
Jioni sukari ya damu ilipanda;
nikaiandika kwenye daftari, sababu sikuandika.

Siku hizi yeye ndiye anayekalia mbuzi, anakuna nazi,
na mizani ameipa jina: mke mwenzio.
"Mke mwenzio kasemaje leo?"
Nami nacheka, Mungu anisamehe, nacheka.

Picha ya mwezi wa saba: uvimbe haujakua.
Daktari hakusema ni vidonge, hakusema ni tui.
Sikumuuliza.
Nililibeba lile "haujakua" mpaka nyumbani
kama yai lisilo na kikapu.

Jana mtoto wa dada kaleta machungwa ya Muheza.
Nilitaka kuyaficha. Nikachelewa.
Mbaruku kachukua moja, hakulimenya.
Kaliweka puani, muda mrefu,
kisha, kutoka huko majina yalikozama:
"Chungwa hili lanukia."

Nikahesabu kwa vidole, juu ya paja.
Nane.
Nikarudia. Nane.

Nikamenya kipande kimoja, nikakiweka juu ya mke mwenzangu:
gramu kumi na moja.
Nitazitoa kwenye karoti za usiku.
Alikula amefumba macho.
Mama aliacha kukuna.

Ukwapi tumeupata.
Tumekaa hapa jikoni, watatu,
tunasubiri utao.