Alhamisi ya Watoto, Tukuyu

Mvua ya hapa haibishi hodi, inaingia tu,
na watoto wanaingia nayo, masweta yanachuruzika,
shavu moja limevimba kama la mtu aliyeficha kande.
Kazi yangu kufungua mlango. Ya daktari, kung'oa.
Miaka kumi na minne, na nakiri:
sitazami meno kwanza.
Natazama mkono uliomshika mtoto.

Mzee Mwaisumo kamleta Gwakisa, miaka minne.
"Ukilia, utanitambua."
Gwakisa hakulia. Alipanua kinywa kama begi la shule,
kucha zikachimba ngozi ya kiti,
na jino lilipotoka
tukakuta maji yanadondoka sakafuni.
"Mnaona?" akasema baba. "Huyu hana shida."
Nikachukua dekio.

Mama Lugano kaja na biskuti, soda,
simu yenye katuni, ahadi ya baiskeli.
"Hutaki? Basi, baba, tutarudi kesho."
Ni kesho ya tano hii.
Jino halina kesho. Lenyewe linafanya kazi usiku.

Halafu yule mchuma chai, Subilaga,
vidole vyeusi kwa utomvu wa majani,
akachuchumaa mpaka macho yakalingana na ya bintiye.
"Sindano itauma. Kama siafu, siafu mmoja.
Nitahesabu hadi kumi, nawe unibane mkono utakavyo.
Ila kwenye kiti utakaa."
Tumpe alilia. Alilia vizuri, kilio cha kawaida,
kinywa wazi, miguu imetulia,
na katikati ya machozi akasema,
"Mama, umeruka sita."

Ningependa kuishia hapo.

Lakini Jumatatu nilimleta wangu, Ambakisye.
Foleni ndefu, nami nina haraka.
"Haiumi," nikamwambia,
mimi ninayezipanga sindano kwenye trei kila asubuhi.
Ikauma.
Naye akauma: kidole cha daktari kina plasta mpaka leo.
Ila hakumtazama daktari.
Alinitazama mimi.

Tulirudi kwa miguu, ukungu umekaa juu ya migomba,
mdomo wake nusu umekufa ganzi.
Karibu na mashine ya kusaga akauliza, maneno yakimteleza,
"Na ile ya surua? Nayo ulisema haiumi?"

Nikapita nyumba moja.
Nikapita ya pili, yenye mbwa.
"Ndiyo," nikasema. "Nayo."