Viazi vya Mbegu

Wanaosema akiba haiozi
hawajawahi kulaza viazi darini huku Umalila,
Machi nzima, ukungu ukiingia kwa mlango wa nyuma
kama jamaa asiyebisha hodi.
Mama hupanda ngazi na koroboi,
hubonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba:
hiki kimechipua, hiki kimesinyaa,
hiki, nuseni, kimeshakuwa maji.

Barua zangu ni mbili.
Ya Monduli nimeijibu. Nilisaini kwa wino wa buluu,
"Mimi Yoramu Nzunda naikubali nafasi hii,"
na baba akachinja yule jogoo aliyekuwa akimwonea kila mtu.
Ya pili ni ya udhamini: jeshi linilipie uhandisi,
miaka minne chuo kikuu, gwanda baadaye.
Hiyo sijaijibu.
Imelala darini ndani ya mfuko wa mbolea,
kati ya mbegu na panya.

Si tamaa. Au ni tamaa yenye sababu.
Monduli bado watanipima macho,
na jicho langu la kushoto, tangu ule moshi wa kukaushia pareto,
huiona dunia kama kioo kilichopuliziwa pumzi.
Wakinirudisha getini na sanduku langu la bati
nitarudi kwa nani?
Mwalimu Luvanda wa fizikia aliniambia, akifuta ubao,
"Nyamaza tu. Aliyenyamaza hajadanganya."
Akaendelea kufuta hata pasipokuwa na maandishi.

Lakini orodha imebandikwa ofisi ya kata.
Juu ya mstari tuko sita,
chini ya mstari kuna neno AKIBA,
na akiba namba moja ni Elika Mwashiuya,
aliyenifundisha logi nyuma ya ghala la pareto
kwa kipande cha mkaa, juu ya mlango mbovu.
Jumanne nilimkuta mnadani Ilembo
akishindilia viazi kwenye gunia la lumbesa,
goti juu, kamba mdomoni,
gunia limevimba shingo hadi limeota kichwa cha pili.
"Vipi, kuna habari?" aliniuliza.
Nikasema bado.
Akacheka, akiitazama kamba, si mimi:
"Basi kati ya wale sita yupo aliyekalia kiti changu
na kingine kakiwekea mguu."
Nikamsaidia kufunga.
Nilifunga vibaya. Akafungua, akafunga upya.

Usiku nikamwuliza mama,
mbegu ikizidi shamba hufanywaje?
Hakujua nauliza nini. Au alijua.
"Huliwa," alisema, "au hupewa mtu mapema,
ingali na macho.
Ukingoja mpaka uwe na hakika
utampa uvundo."
Kisha akanituma kuni.

Leo ni Ijumaa, siku ya mwisho.
Mtandao hukamata mahali pamoja tu,
juu ya jiwe nyuma ya kanisa,
na hapo pia usimame kwa mguu mmoja, watu husema kwa utani,
nami nimesimama hivyo hivyo.
Karani ameniuliza jina, herufi kwa herufi.
Sasa anauliza, sauti ikikatwakatwa na upepo:
"Unathibitisha au unaachia?
Ukiachia, kijana, hairudi."

Ng'ambo ya bonde Fuso limesimama, linapakia.
Nafunika jicho la kulia kwa kiganja
na kujaribu kusoma namba ya gari kwa la kushoto.
T, nane, sita.
Au ni sita, nane.
Ukungu unapanda kutoka mtoni, haujafika barabarani.
"Haloo?" anasema karani.
"Haloo? Upo?"